Ndege Iliyoshindwa na Joto

Yako makosa ambayo mtu huyatenda akiwa mtoto, na dunia humsamehe kwa kuwa ni mtoto. Lakini akisha kuwa mtu mzima hujiona mwenyewe kuwa ana deni. Nataka kukueleza deni moja la namna hiyo. Si deni la fedha, na mdai wake hayuko tena duniani kunidai. Nilimcheka baba yangu.

Tulikuwa tukikaa Malindi, katika mtaa wa Shela, karibu na bahari. Baba alikuwa fundi wa mashua, mtu wa maneno machache na mikono yenye nguvu. Hakuogopa bahari ya kusi, wala papa, wala giza. Lakini kila ndege iliyopita chini juu ya mji, ikija kutua au ikitoka katika kiwanja cha Malindi, ilimwondolea utulivu wake. Shoka lilisita hewani. Mkono wake ulimtafuta mtoto aliyekuwa karibu, ukamwinamisha kichwa, ukabaki pale mpaka ngurumo ipotee upande wa Mambrui au wa Watamu. Kisha aliendelea na kazi yake bila ya kusema neno.

Sisi watoto tulingoja atupe kisogo, tukacheka. Kaka yangu alikuwa hodari wa kuigiza: alichukua kijiti, akakiinua kama shoka, akakodoa macho mbinguni, nasi tukaanguka mchangani kwa kicheko. Tulisema ile methali ya wazee kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tuliisema kwa mzaha, wala hatukuuliza hata siku moja ni nyoka gani aliyemuuma.

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, mbali na nyumbani, na nililipata kwa sababu ya swali la mtoto mwingine.

Baba alikuwa amekwisha kufariki, na mimi nilikuwa mwalimu wa historia. Niliwachukua wanafunzi wangu kwenda Mombasa kuitazama Ngome ya Yesu. Tulipita Gede, tukavuka daraja la Kilifi, tukafika kabla ya adhuhuri. Katika ngome hiyo iko mizinga miwili ambayo si ya Wareno wala ya Waarabu. Ni mizinga iliyopigana katika karne ya 20. Mmoja ulitoka katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus, na wa pili ulitoka katika manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Zamani ilielekezeana midomo ya moto. Sasa imekaa kama wazee wawili waliogombana ujanani, ambao uzeeni wanaota jua katika baraza moja.

Niliwasimulia wanafunzi habari yake. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg iliikuta Pegasus imetia nanga katika bandari ya Unguja, injini zake zinatengenezwa, ikaipiga mpaka ikazama. Kisha ikakimbilia katika mikono ya mto Rufiji, ikajificha ndani ya mikoko. Manowari kubwa za Kiingereza zilikaa nje kuilinda, lakini hazikuweza kuingia kwa kuwa maji ni machache na matumbo yake ni marefu. Ilikaa huko mpaka tarehe 11 Julai 1915, ilipoangamizwa.

Nilipomaliza, msichana mmoja aliinua mkono. “Mwalimu,” akasema, “manowari ilikuwa ndani ya mikoko, na Waingereza walikuwa nje baharini. Nani aliyeona iko mahali gani hasa?”

“Ilionwa kwa ndege,” nikajibu upesi.

“Kama ndege ziliweza kuifikia, kwa nini hazikuipiga kwa mabomu siku ile ile, mambo yakaisha?”

Nilinyamaza. Wewe msomaji utakuja kuwa mwalimu, au mzazi, au mkubwa wa kazi. Siku hiyo utajua jinsi kimya kinavyokuwa kizito mbele ya watoto wanaongoja. Nilimwambia kwamba sijui, na kwamba nitatafuta. Nilipotafuta, niliipata habari ya chombo kilichotoka katika nchi ya baridi kwenda kujifunza kuruka katika joto letu. Mwisho wa habari hiyo nilimkuta baba yangu.

Sikiliza basi. Vita ilipoanza mwaka 1914, ndege yenyewe ilikuwa ngali mtoto. Ilikuwa miti na nguo na nyaya, na injini iliyotetemeka mbele au nyuma. Jeshi la maji la Uingereza lilitaka ndege inayoweza kuchukuliwa merikebuni, kushushwa majini, kuruka, kupiga adui na kurudi. Waliotumwa kazi hiyo zaidi ya wengine ni ndugu watatu wa ukoo wa Short: Horace, Eustace na Oswald. Mahali pa magurudumu waliifunga ndege yao maboya marefu mfano wa mitumbwi, ipate kuelea. Wakaona tena kwamba mabawa ni mapana mno kwa nafasi ya merikebu. Wakabuni mabawa yanayokunjwa nyuma, kama kunguru akunjavyo yake akitua juu ya mnazi.

Ndege hiyo ya mabawa ya kukunja ndiyo iliyotumiwa tarehe 28 Julai 1914, siku 7 tu kabla ya Uingereza kuingia vitani, kujaribu jambo kubwa. Rubani mmoja, Arthur Longmore, aliinuka nayo huko Calshot akiwa amefungiwa chini yake topido ya inchi 14, nayo ni bomu refu liendalo lenyewe ndani ya maji, akaiangusha baharini. Tarehe 25 Desemba mwaka huo ndege 9 za ndugu Short zilishushwa majini karibu na pwani ya Ujerumani ili zikapige mabanda ya ndege-puto huko Cuxhaven. Zilizoweza kuruka zilikuwa 7, na kila moja ilichukua mabomu matatu ya ratili 20. Hazikudhuru sana. Mtoto alikuwa amejifunza kutupa mawe, lakini mkono wake ulikuwa bado dhaifu.

Sasa turudi Rufiji. Ndege ya kwanza kuitafuta Königsberg haikuwa ya jeshi hata kidogo. Ilikuwa mali ya raia, Denis Cutler, aliyekodiwa huko Durban pamoja na chombo chake cha Curtiss, ambacho tumbo lake lilikuwa kama mashua. Aliletwa katika kisiwa kidogo cha Niororo mwezi wa Novemba 1914. Rejeta ya injini yake iliharibika, ikabidi manowari iende mpaka Mombasa kutafuta rejeta ya motokaa ya Ford. Kwa chombo hicho kilichotiwa viraka aliruka juu ya mikoko na kuiona Königsberg. Lakini mwezi wa Desemba alishuka ndani ya mto, akachukuliwa mateka.

Baada yake, mwezi wa Februari 1915, zikaja ndege mbili za jeshi la maji, zilizotengenezwa na kiwanda cha Sopwith, chini ya Luteni John Cull. Hizo zilikuja na mabomu, na nia ilikuwa ni ile ya mwanafunzi wangu: kuipiga na kumaliza kazi. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo halikufikiriwa huko zilikotengenezwa. Ndege hazikutaka kuinuka. Zilikimbia juu ya maji, zikanguruma, zikatupa povu, zikabaki baharini. Wakaondoa mabomu. Wakamwacha mwenzake rubani. Wakapunguza mafuta. Na hata baada ya hayo yote zilipanda kwa shida. Isitoshe, rafadha zake zilikuwa za mbao zilizoshikanishwa kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, na kwa joto na unyevu wa pwani gundi ile ililegea, mbao zikaanza kuachana.

Kwa nini iwe hivyo? Wewe mtoto wa pwani unaweza kufahamu upesi kuliko mtoto wa London. Jahazi lenye shehena ile ile huzama zaidi likiingia mtoni kuliko likiwa baharini, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito na hulibeba vizuri zaidi. Hewa nayo ina uzito wake, na ndege huegemea hewa kama jahazi liegemeavyo maji. Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi. Bawa hukosa cha kuegemea, na rafadha hukosa cha kusukuma. Tena injini huvuta hewa ili mafuta yake yawake. Hewa ikiwa nyepesi, moto hupungua na nguvu hupungua. Kwa hiyo joto huiibia ndege mara tatu, na mwizi huyo haonekani. Mhandisi aliyepima nguvu za ndege yake asubuhi ya baridi huko Uingereza aliipima kwa haki, lakini hakuipima kwa Rufiji.

Mwezi wa Aprili zikaletwa ndege tatu za ndugu Short, za mabawa ya kukunja, katika kisiwa cha Mafia, ambacho Waingereza walikuwa wamekitwaa mwezi wa Januari. Zilikuwa na injini za nguvu za farasi 160, na zilikuwa zimekwisha kuchoka kwa kutumika. Nazo zilishindwa kupanda zaidi ya futi mia chache, na kwa kimo hicho risasi za bunduki kutoka mikokoni zilizifikia bila ya taabu. Lakini zilifanya jambo moja la maana: ziliruka juu ya Königsberg, na picha zake zikapigwa. Chombo kilicholetwa kiwe ngumi kilishindwa kuwa ngumi, kikawa jicho.

Na jicho ndilo lililoimaliza kazi. Zililetwa manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ambazo hapo kwanza ziliundwa kwa ajili ya Brazili, zitumike mtoni. Hizo ziliweza kuingia Rufiji, lakini wapigaji wake hawakuweza kumwona adui kwa wingi wa miti. Ndege nyingine zikaletwa, za magurudumu, na kiwanja kikatengenezwa Mafia. Tarehe 6 Julai walijaribu wakashindwa. Tarehe 11 Julai Cull aliruka pamoja na Luteni mdogo Arnold katika ndege ya Henri Farman. Arnold alitazama kila kombora lilikoanguka, akapeleka habari kwa simu ya upepo: fupi, ndefu, kulia, kushoto. Makombora yakaanza kuipata manowari. Kisha ndege yenyewe ikapigwa, injini ikazimika, ikaanza kushuka. Na Arnold, akiwa anashuka pamoja nayo, aliendelea kutuma masahihisho. Walianguka mtoni karibu na Mersey, wakaokolewa wote wawili. Siku hiyo Königsberg ilikufa. Mizinga yake 10 Wajerumani waliitoa majini, ikavutwa kwa kamba na mabega ya watu wetu kwenda kupigana nchi kavu, na mmojawapo ndio tuliousimamia siku ile Mombasa.

Hilo ndilo jibu la mwanafunzi wangu: ndege ya mwaka 1915 iliweza kuona, haikuweza kupiga. Nilifurahi kulipata jibu, na kama ningalikuwa mvivu ningalikomea hapo. Lakini kasoro ya chombo ni swali, na watu wenye akili hawapendi swali likae bila ya kujibiwa.

Wakati zile ndege zilizochoka zikihangaika Mafia, Horace Short alikuwa amekwisha kuunda nyingine, kubwa zaidi, iliyopewa nambari 184, yenye injini ya nguvu za farasi 225. Tarehe 12 Agosti 1915, mwezi mmoja tu baada ya Königsberg kufa, Charles Edmonds aliruka nayo karibu na Gallipoli, akaipiga merikebu ya Kituruki kwa topido. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa merikebu kupigwa kwa topido iliyotoka katika ndege. Tena angalia: ili ndege iweze kuinuka, ilimbidi aende peke yake, na mafuta yakapunguzwa. Ugonjwa ulikuwa ni ule ule wa Rufiji, lakini safari hii mgonjwa alisimama. Zaidi ya ndege 900 za namna hiyo ziliundwa.

Bara letu halikusahauliwa. Ndege nne za ndugu Short, za namna ya 827, walipewa Wabelgiji. Zilipelekwa kwa meli, kwa mto na kwa gari la moshi mpaka ziwa Tanganyika, na mwezi wa Juni 1916 zikaupiga mji wa Kigoma, zikiitafuta meli ya Kijerumani Graf von Götzen. Mwezi uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe meli hiyo. Baadaye ilizuliwa, ikaitwa Liemba, ikachukua abiria kwa miaka mingi. Mwaka wa 1914 mtu wa Kigoma hakuwa na sababu ya kutazama mbinguni ila kutafuta mvua. Mwaka wa 1916 alikuwa nayo.

Miaka ikapita. Ndugu Short waliendelea, na mwaka 1937 ndege zao kubwa za majini zilitua Mombasa zikiwa na abiria na barua, zikitoka Uingereza kwenda Durban. Joto halikuzizuia tena. Elimu ile ile iliyotafutwa kwa ajili ya bomu sasa ilichukua salamu za mama kwa mwanawe. Lakini upande wa bomu nao haukulala. Jeshi la maji la Uingereza lilipata ndege iliyoitwa Swordfish, ambayo ni mjukuu wa ile 184 kwa kazi yake, nayo iliichukua topido yake bila ya kuacha mtu nyuma. Mataifa mengine yalijifunza pia, kwa maana elimu haina bendera.

Uingereza na Italia ziliingia vitani mwezi wa Juni 1940, na Italia wakati huo ilitawala sehemu kubwa ya Somalia, kaskazini ya pwani yetu. Mwezi wa Oktoba 1940 ndege za Italia zilikuja Malindi zikaupiga mji kwa mabomu. Majuma machache baadaye, usiku wa tarehe 11 Novemba, ndege 21 za Swordfish ziliruka kutoka manowari Illustrious, zikazipiga manowari za Italia bandarini Taranto na kuzilemaza tatu kubwa. Mwaka 1942 Illustrious yenyewe ilikuja mpaka Kilindini. Vitabu vingi vinaieleza Taranto. Malindi hupewa mstari mmoja, ikiwa hupewa.

Niliposoma mstari huo nilikuwa peke yangu nyumbani, usiku. Nikahesabu kwa vidole. Mwezi wa Oktoba 1940 baba yangu alikuwa na umri wa miaka 10, na nyumba yao ilikuwa Malindi.

Nilimwendea shangazi yangu, aliyekuwa mkubwa kwa baba, nikamwuliza. Alinitazama kwa mshangao. “Kwani hakukwambieni?” akasema. “Tuliusikia mvumo kwanza. Hatukuujua, tukatoka nje kutazama. Marehemu babu yako alikuja mbio, akamshika baba yako kichwa, akamlaza mchangani, akamfunika kwa mkono wake. Tulipoinuka, vumbi lilikuwa limetujaa vinywani. Baba yako hakulia. Alikaa siku mbili hasemi.”

Basi ule mkono uliotuinamisha vichwa haukuwa mkono wa mwoga. Ulikuwa mkono wa babu, uliorithiwa. Baba hakuwa akijificha yeye. Alikuwa akituficha sisi. Na sisi tulimlipa kwa kicheko.

Liko jambo moja zaidi ninalolikumbuka. Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ilirushwa kutoka minara ya San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Waliokuwa wakiiendesha minara hiyo ni Waitalia, na safari hiyo walishirikiana na Wamarekani. Ilichukua chombo kilichoitwa Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Nacho kilikuwa cha kwanza kutumwa angani kwa kazi ya kutafuta miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 10. Mji mzima ulikuwa ukiizungumza habari hiyo, na jirani mmoja alikuja kumweleza baba kwa furaha nyingi: ukubwa wake, moto wake, mwendo wake. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu.

“Imebeba nini?”

Jirani hakujua. Tulicheka tena, tukiona mzee hafahamu ukuu wa jambo lile. Leo naona kwamba katika watu wote waliokuwapo barazani, yeye peke yake aliuliza lililofaa. Ndege ya Rufiji, ndege ya Gallipoli, ndege ya barua iliyotua Mombasa, na ndege iliyokuja Malindi, zote zilijengwa juu ya elimu moja. Hewa huzibeba zote bila ya ubaguzi. Kinachozitenga ni shehena.

Wewe usomaye haya huenda ukawa mhandisi, au rubani, au mtu wa kutoa amri. Joto la pwani litakutaabisha kama lilivyowataabisha wengine, nawe utalishinda, maana kasoro za vyombo hutengenezeka. Siku utakapofaulu, watu watakusifu kwa kimo na kwa mwendo. Wapokee sifa zao kwa adabu, kisha jiulize swali la fundi wa mashua wa Shela. Mimi sikulijibu alipokuwa hai. Nalilipa deni langu kwa kukuachia wewe.